Aliyefiwa Asipokonywe Riwaya Yake

Aghalabu mfiwa akionekana na riwaya mkononi kabla ya matanga kuanuliwa, majirani humdhania kuwa hana uchungu. Lawama hiyo siiafiki. Maisha ya Charlotte Brontë, mwandishi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka wa 1816, yanatufunza vingine.

Brontë alilelewa Haworth, kaskazini mwa Uingereza, ambako baba yake alikuwa kasisi. Alifiwa na mama akiwa na umri wa miaka 5. Mwaka wa 1825 dada zake wakubwa, Maria na Elizabeth, waliugua kifua kikuu wakiwa katika shule ya bweni, wakarejeshwa nyumbani na kufa. Wakasalia watoto wanne: Charlotte, Branwell, Emily na Anne. Mwaka uliofuata baba yao alileta askari 12 wa mbao wa kuchezea. Watoto wakawapa majina, wakawabunia falme na kuandika visa vyao katika vijitabu vidogo mno. Tangu hapo hadithi haikuwa anasa katika nyumba ile.

Walipokuwa watu wazima, dada hao watatu walizoea kuizunguka meza usiku wakijadiliana juu ya kazi zao. Mwaka wa 1847 zikachapishwa riwaya tatu: Jane Eyre ya Charlotte, Wuthering Heights ya Emily na Agnes Grey ya Anne. Katika Jane Eyre, marehemu Maria alirejea kwa sura ya Helen Burns, msichana mpole anayefia shuleni.

Kisha mauti yakabisha tena. Branwell alikufa Septemba 1848, Emily Desemba mwaka huo huo, na Anne Mei 1849. Charlotte akabaki na baba mzee, akiizunguka meza ile peke yake. Riwaya yake Shirley ilikuwa haijakamilika. Aliirudia akaimaliza, nayo ikachapishwa Oktoba 1849. Mwaka uliofuata alihariri upya riwaya za Emily na Anne, akaueleza ulimwengu walikuwa akina nani hasa, maana walikuwa wameandika kwa lakabu. Yeye mwenyewe aliaga dunia Machi 1855, akiwa na miaka 38, miezi tisa tu baada ya kuolewa.

Hapana shaka riwaya hazikumrudishia ndugu hata mmoja. Hata hivyo, zilimpa kazi ya kufanya na mahali pa kuwaweka wapenzi wake wasisahaulike. Msomaji naye hufaidi. Nilipomzika mama yangu, machozi yalikataa kabisa kaburini. Yalinitoka wiki kadhaa baadaye, nilipokisoma tena kifo cha Helen Burns, kitabu ambacho nilikuwa nimekifungua kwa kutafuta burudani tu.

Basi tumkutapo mfiwa akisoma, tusimhukumu. Huenda ndiyo kwanza ameanza kulia.