FRANK MCWORTER: MTUMWA ALIYEANZISHA MJI

Tukitajiwa watumwa wa Marekani wengi wetu hukumbuka minyororo na mashamba ya pamba, basi. Leo nawaletea mtu aliyezaliwa mtumwa, naye akafa akiwa mwanzilishi wa mji. Ni Frank McWorter, ambaye watu walimwita Free Frank, yaani Frank Huru.

Alizaliwa mwaka wa 1777 huko South Carolina. Mama yake, Juda, alikuwa ametolewa Afrika Magharibi. Mnamo 1795 bwana wake alimhamishia Kentucky, penye misitu mitupu, akafyeke na kulima. Huko akamwoa Lucy, mtumwa wa bwana mwingine, ingawa sheria haikuitambua ndoa ya watumwa.

Bwana yake alimruhusu kufanya vibarua kwa watu, mradi alete sehemu ya pesa nyumbani. Vita vya Marekani na Uingereza vilipozuka mwaka wa 1812, baruti ikawa mali. Frank akaanza kuchimba shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, akawa anaweka akiba kidogo kidogo.

Kufikia 1817 alikuwa na dola 800. Je, ungekuwa wewe ungemkomboa nani kwanza? Frank hakujikomboa mwenyewe, alimkomboa Lucy. Kumbe alikuwa amepiga hesabu! Lucy alikuwa mja mzito, na kwa sheria ya huko mtoto alifuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mali ya bwana hata kabla hajafungua macho. Basi mtoto wao Squire akazaliwa huru, hali baba yake bado ni mtumwa. Frank alingoja miaka miwili zaidi, hadi 1819, ndipo akalipa dola 800 nyingine kwa ajili yake mwenyewe. Na huyu ni mtu asiyejua kusoma wala kuandika!

Mwanawe aliyeitwa Frank pia alikuwa ametorokea Kanada. Mwaka wa 1829 baba alitoa kiwanda chake cha shura ili kijana apewe uhuru wa kisheria.

Mwaka wa 1830 waliihama Kentucky, na mwaka uliofuata wakafika kaunti ya Pike, jimbo la Illinois. Kaunti hiyo ilianzishwa 1821, na mwanzoni ilikuwa kubwa ajabu, hata mahali palipo na jiji la Chicago palikuwa ndani yake! Walowezi walikuwa wachache bado. Illinois ilijiita jimbo huru, lakini wapi! Sheria ya 1829 ilimtaka mtu mweusi aliyehamia huko aweke dhamana ya dola 1,000. Ng'ambo ya mto Mississippi, huko Missouri, utumwa uliendelea, na watekaji hawakuwa mbali.

Mwaka wa 1836 Frank alinunua ekari 80 za serikali kwa dola 1.25 kila ekari. Akapima ekari 42, akazigawa viwanja 144, na mji akauita New Philadelphia. Hakutafuta fahari. Alitaka kuuza viwanja apate pesa za kuwakomboa watoto na wajukuu waliobaki utumwani Kentucky. Mwaka wa 1837 bunge la Illinois lilipitisha sheria ya kumpa rasmi jina la McWorter na haki ya kununua mali na kushtaki mahakamani. Weusi kwa weupe walinunua viwanja, wakaishi jirani. Mwaka wa 1865 mji ulikuwa na watu wapatao 160.

Frank mwenyewe alifariki 1854, akaacha wosia kwamba wajukuu waliosalia wakombolewe kwa mali yake. Wakakombolewa. Pamoja na yeye mwenyewe, jumla walikuwa watu 16, kwa yapata dola 14,000.

Mwaka wa 1869 reli ilijengwa ikaukwepa mji, ikapita upande wa kaskazini. Wafanyabiashara wakaifuata reli, na viwanja vikarudi kuwa mashamba. Tangu mwishoni mwa 2022 mahali hapo panatunzwa na serikali ya Marekani kama eneo la kihistoria la taifa, na kaburi la Frank lingali karibu na hapo.