James Watt, fundi aliyesumbuliwa na mvuke unaovuja

Msikilizaji, ukienda kununua taa au paneli ya sola hapa Rhotia au Karatu mjini, utaulizwa unataka ya wati ngapi. Wati ni jina la mtu. James Watt alizaliwa Greenock, Uskoti, Januari 19, 1736. Alikwenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya kupimia, na mwaka 1757 akapata karakana ndani ya Chuo Kikuu cha Glasgow.

Hapo aliletewa mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Thomas Newcomen autengeneze. Akaona kwamba silinda inapashwa moto, kisha inamwagiwa maji baridi, kila mzunguko, na makaa yanateketea bure. Mwaka 1765 akapata jibu: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, silinda yenyewe ibaki ya moto.

Lakini mvuke ulivuja. Silinda za wakati ule hazikuwa duara kamili, hivyo kati yake na pistoni kulibaki upenyo. Sisi bomba la maji likivuja tunalifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Watt alijaribu matambara yenye mafuta, karatasi, kofia kuukuu, hata samadi ya farasi. Mvuke ukapita tu. Mbia wake, John Roebuck, akafilisika. Watt akawa anapima njia za mifereji ili familia ipate kula, na mwaka 1773, akiwa mbali kazini, mkewe Margaret akafariki.

Matthew Boulton, mwenye kiwanda Birmingham, alichukua sehemu ya Roebuck. Kisha John Wilkinson, aliyekuwa na mashine ya kutoboa mizinga, akachonga silinda iliyo sawa pande zote. Huyu Wilkinson hatajwi vya kutosha, maana bila yeye ule uvujaji usingekwisha. Mwaka 1776 injini za Watt zikaanza kazi.

Baadaye Watt alijaribu kupasha joto chumba chake cha kazi kwa mvuke. Nyumba nyingi za nchi za baridi zilikuja kufuata njia hiyo, na mafundi wake hadi leo wanahangaika na maungio ya bomba yanayovuja.

Alifariki Agosti 25, 1819, akiwa na miaka 83. Karakana ya nyumbani kwake ilifungwa kwa miaka mingi, na mwaka 1924 ikahamishiwa makumbusho London pamoja na vifaa vyake.