John Hutchinson: Mpima Pumzi na Utata wa Kipimo Chake

John Hutchinson alizaliwa mwaka wa 1811 karibu na Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, akasomea udaktari jijini London. Zama hizo kifua kikuu kiliwaangamiza watu wa matabaka yote, na nyenzo za kukitambua zilikuwa chache. Daktari aligonga kifua kwa vidole, akasikiliza kwa stethoskopu, kisha akakisia. Hutchinson alitaka ushahidi wa tarakimu.

Kwa lengo hilo alibuni spiromita. Chombo hiki kilikuwa na mtungi uliopinduliwa mdomo chini ndani ya maji, ukaning'inizwa kwa kapi na vipande vya uzani. Mtu alivuta pumzi hadi kikomo, akaitoa yote mrijani. Mtungi ukainuka, na kiasi cha hewa kikasomwa. Kiasi hicho Hutchinson alikiita ujazo wa uhai, kwa kuwa alikiona kuwa ishara ya uwezo wa mtu wa kuishi.

Mwaka wa 1846 alichapisha matokeo ya watu 2,130. Miongoni mwao walikuwamo mabaharia, wazimamoto, polisi, mabondia, mafukara na mabwana wenye hadhi. Alibaini kwamba kila inchi moja ya kimo huongeza takriban inchi 8 za ujazo wa hewa, na kwamba ujazo huo hupungua kadiri umri unavyosonga. Vilevile, aliona kuwa kifua kikuu huupunguza. Yeye mwenyewe aliihudumia kampuni ya bima ya maisha, akapendekeza spiromita itumike kuwakagua waombaji. Hivyo basi pumzi ikapewa thamani ya fedha.

Mwaka wa 1852 Hutchinson aliihama Uingereza, akaenda Australia kwenye machimbo ya dhahabu ya Victoria. Baadaye alivuka hadi Fiji, akafia huko mwaka wa 1861. Spiromita yake, hata hivyo, ilikuwa tayari imefika mbali.

Ikumbukwe kwamba wengi mno kati ya aliowapima walikuwa wanaume wa Uingereza. Ni nani basi angekuwa kielelezo cha mapafu timamu kwa walimwengu wote? Nchini Marekani, Samuel Cartwright, daktari aliyetetea utumwa, alidai kwamba mapafu ya Waafrika yalikuwa na upungufu wa kimaumbile, akaitumia hoja hiyo kuhalalisha kazi za shuruti mashambani. Mwaka wa 1869 Benjamin Gould alichapisha vipimo vya wanajeshi vilivyoonyesha tofauti baina ya weupe na weusi, bila kuyapa uzito wa kutosha maisha ya dhiki waliyopitia hao weusi. Tofauti iliyoweza kutokana na lishe, moshi na kazi ngumu ikafasiriwa kuwa ya damu.

Dhana ya umri wa mapafu iliyotolewa na Morris na Temple mwaka wa 1985 ni mjukuu wa kazi ya Hutchinson. Hewa anayoitoa mtu katika sekunde ya kwanza hulinganishwa na ya watu wenye afya na kimo sawa, kisha hutafutwa umri unaowiana nayo. Mvutaji sigara wa miaka 45 anaweza kuambiwa kwamba mapafu yake ni ya mtu wa miaka 70, apate kuzinduka. Lakini jibu hilo hutegemea watu anaolinganishwa nao. Akibadilishiwa jedwali, pumzi ile ile huzeeka au hurudi ujanani. Na aliyekadiriwa kiwango cha chini kwa sababu ya rangi yake huenda akatajwa kuwa mzima ilhali anaugua.

Milinganyo ya kimataifa ya mwaka wa 2012 iliwagawa watu kwa makundi ya asili. Ile ya mwaka wa 2022 iliuondoa mgawanyo huo, na mwaka wa 2023 jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani ikapendekeza itumike. Hutchinson alitufunza kuipima pumzi. Kumchagua wa kulinganishwa naye ni uamuzi wa binadamu, na sharti uhojiwe.