William Shockley: Bingwa wa semikondakta aliyewadharau Weusi

KATIKA Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, mjini Nyeri, kuna kiwanda cha vipande vidogo mno vya kielektroniki, ambavyo ndivyo ubongo wa simu na kompyuta. Kiliwekwa hapo na kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, na mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kufadhili uchunguzi wa namna kinavyoweza kupanuliwa.

Elimu inayotumiwa na wahandisi Wakenya kiwandani humo ina deni kubwa kwa Mmarekani mmoja, William Shockley. Ajabu ni kwamba mtu huyo aliutumia uzee wake kudai kuwa watu Weusi wamezaliwa na akili pungufu.

Shockley alizaliwa London, Uingereza, Februari 13, 1910, kwa wazazi Wamarekani walioshughulika na mambo ya migodi. Alilelewa Palo Alto, jimboni California, akapata shahada ya kwanza mwaka 1932 na ya uzamivu mwaka 1936. Mwaka huo huo aliajiriwa katika maabara ya Bell, iliyokuwa ikifanya utafiti kwa ajili ya kampuni ya simu.

Wakati huo redio na mitambo ya simu ilitegemea vali za kioo, ambazo zilikula umeme mwingi, zikapata moto na kuungua mara kwa mara. Wakuu wa maabara walitaka kitu kigumu, kidogo na cha kudumu cha kushika nafasi ya vali. Jibu lilikuwa katika semikondakta.

Waya wa shaba hupitisha umeme bila taabu, na kioo huuzuia. Semikondakta, kama vile silikoni inayopatikana kwa wingi katika mchanga, iko katikati. Kila atomu ya silikoni ina elektroni nne za nje, na zote zimeshikana na za atomu jirani. Kwa hiyo silikoni iliyo safi kabisa huwa na elektroni chache mno zilizo huru kubeba umeme. Ikipashwa moto, nyingine huchomoka na umeme hupita zaidi, kinyume cha shaba.

Mambo hubadilika silikoni hiyo inapotiwa kitu kingine, hata kama ni atomu moja tu kwa kila milioni. Fosforasi ina elektroni tano za nje. Nne hushikana na majirani, ya tano hubaki huru. Silikoni hiyo huitwa ya aina ya N. Boroni ina elektroni tatu tu, hivyo huacha pengo. Elektroni ya jirani hulijaza pengo hilo na kuacha pengo jingine ilikotoka, na kwa namna hiyo pengo husafiri kana kwamba lenyewe ndilo linalobeba umeme. Hiyo ni aina ya P. Sharti silikoni isafishwe kwanza ndipo itiwe kiasi kinachotakiwa, kama mpishi aoshavyo sufuria kabla ya kupima chumvi.

Aina hizo mbili zikikutana katika kipande kimoja, umeme hupita kwa urahisi kuelekea upande mmoja na huzuiliwa kuelekea upande wa pili. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1940 na Russell Ohl, mtafiti wa maabara hiyo hiyo ya Bell.

Desemba 1947, wenzake Shockley, John Bardeen na Walter Brattain, walifaulu kutengeneza transista ya kwanza, kifaa kinachokuza umeme hafifu bila vali. Shockley alikuwa kiongozi wa kundi lao, lakini uvumbuzi huo haukutoka mikononi mwake, na jambo hilo lilimchoma moyo. Alijifungia katika hoteli mjini Chicago akiandika na kukokotoa. Kufikia mwishoni mwa Januari 1948 alikuwa amebuni transista bora zaidi, yenye tabaka tatu za semikondakta zilizopangwa kama mkate wenye nyama katikati. Mwaka 1950 alichapisha kitabu kilichowafunza wahandisi wengi nadharia ya elektroni na mapengo.

Wote watatu walituzwa Nobel ya Fizikia mjini Stockholm, Desemba 1956. Wiki chache kabla ya sherehe hizo, Dedan Kimathi alikuwa kizimbani Nyeri, ambako mahakama ya wakoloni ilimhukumu kifo. Alinyongwa Februari 18, 1957. Hakuna aliyeweza kubashiri kwamba majina ya watu hao wawili yangekutana siku moja katika chuo kimoja.

Tayari Shockley alikuwa amefungua kampuni yake huko California, akisisitiza matumizi ya silikoni. Alijua kuchagua vijana hodari, lakini hakujua kuishi nao. Aliwashuku, hata akataka wapimwe kwa mashine ya kutambua uongo. Mwaka 1957 wanane waliondoka pamoja na kuanzisha kampuni ya Fairchild. Wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, walianzisha Intel mwaka 1968. Eneo hilo likawa kitovu cha kompyuta duniani, ilhali kampuni ya Shockley ilififia.

Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford. Kuanzia miaka ya 1960 alieneza madai yake kuhusu Weusi, akapendekeza pia watu wenye alama za chini katika mitihani ya akili walipwe ili wakubali kufungwa uzazi. Hakuwa amesomea elimu ya urithi, na wataalamu wa fani hiyo walimpinga. Mwaka 1982 aliwania kuteuliwa kugombea useneta, akashindwa vibaya. Alilishtaki gazeti moja kwa kumharibia jina, akashinda mwaka 1984, lakini fidia aliyopewa ilikuwa dola moja tu.

Alifariki Agosti 12, 1989, kwa saratani ya tezi dume, akiwa amefarakana na marafiki wengi na hata na watoto wake.

Haifai kuificha sehemu yoyote ya maisha hayo. Nadharia yake ya semikondakta ilipimwa maabarani, ikathibitika, ndiyo maana inafanya kazi Nyeri sawasawa na ifanyavyo California. Madai yake kuhusu Weusi hayakuthibitika. Kijana wa Nyeri anayejifunza leo tofauti ya aina ya N na aina ya P anayo haki ya kuichukua elimu ya Shockley na kuziacha dharau zake.