Thomas Paine: Kalamu Katikati ya Kambi

Miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa Marekani, sisi tuvaao sare tuna sababu ya kumkumbuka Thomas Paine. Alizaliwa Thetford, Uingereza, mwaka 1737, akawa mtoza ushuru, akaachishwa kazi. Mwaka 1774 alivuka bahari hadi Philadelphia.

Katika enzi ya Wapuriti iliyotangulia, maandishi ya huko yalikuwa zaidi mahubiri na shajara. Enzi ya Mapinduzi ilileta vijitabu vya siasa, na Paine aliviandika kwa lugha aliyoielewa mkulima na fundi. Kijitabu chake Common Sense, cha Januari 1776, kiliwahimiza wananchi wajitenge na mfalme wa Uingereza.

Mwaka huo huo alijiunga na jeshi, akawa msaidizi wa Jenerali Nathanael Greene. Kufikia Desemba jeshi lilikuwa limerudi nyuma. Askari wengi hawakuwa na viatu, na muda wao wa utumishi ulikaribia kwisha. Ndipo Paine alipotoa The American Crisis. Yasimuliwa kwamba maandishi hayo yalisomwa mbele ya vikosi. Usiku wa tarehe 25 Desemba vikosi hivyo vilivuka mto Delaware katikati ya barafu, na asubuhi vikashinda Trenton.

Baadaye aliikosoa dini kwa maandishi, na wengi wakamtenga. Alipofariki New York mwaka 1809, waliomzika walikuwa wachache mno. Hata hivyo, sisi askari twajua kwamba bunduki bila sababu ya kupigana ni mzigo tu, na sababu hiyo Paine aliiandika.