Pembetatu Nyekundu ya Lissitzky

Kampeni za serikali ya wanafunzi zimeanza na kuta zimejaa mabango yaleyale: picha ya mgombea, suti, tabasamu, maneno kibao. Hebu tumtazame jamaa aliyetengeneza bango bila sura ya mtu.

El Lissitzky alizaliwa Urusi mwaka 1890. Mwaka 1909 chuo cha sanaa cha St. Petersburg kilimkataa, zama hizo nafasi za Wayahudi vyuoni zilikuwa na kikomo. Hakukaa kulia. Alikwenda Darmstadt, Ujerumani, akasomea usanifu majengo.

Mwaka 1919 Marc Chagall alimwita akafundishe Vitebsk. Huko alifanya kazi na Kazimir Malevich, yule wa mraba mweusi wa 1915, mchoro usio na mtu wala mti. Lissitzky akaona kuwa maumbo hayo yanaweza kutumwa kazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimepamba moto, Wekundu dhidi ya Weupe, na wananchi wengi hawakujua kusoma. Akachora pembetatu nyekundu ikitoboa duara jeupe, na vijineno vichache tu. Yaani hata asiyejua herufi angeona nani anampiga nani.

Kifua kikuu kilimtesa miaka mingi, kikamuua Moscow Desemba 1941. Mwaka huohuo bado alitengeneza bango la kuhimiza uundaji wa vifaru vya kupambana na jeshi la Hitler.

Sasa wewe mgombea, kabla hujaenda kwa mchapaji: ukiondoa picha yako, bango lako linabaki likisema nini?