Maisha ya Kwegyir Aggrey, Mwanafunzi Aliyechelewa Kurudi

Kila muhula ufungwapo mimi hushuka Kariakoo, Dar es Salaam, na sanduku langu la bati, nikapita Mtaa wa Aggrey penye maduka mengi ya simu, nikienda kutafuta basi la nyumbani. Nimeupita mtaa huo karibu miaka minne bila kuuliza Aggrey alikuwa nani. Nilidhani labda ni Mzungu mmoja wa serikali ya zamani, au tajiri aliyekuwa na nyumba pale. Muhula huu nimesoma habari zake maktabani, nikaona haya kwa ujinga wangu, nami naziandika hapa ili wenzangu wasiaibike kama mimi.

Tena ninayo sababu nyingine. Kaka yangu alikwenda kusoma ng'ambo kwa miaka minne, na huu ni mwaka wake wa saba. Kila likizo bibi yetu huniuliza mimi, kana kwamba ninajua kuliko yeye, mjukuu wake atarudi lini. Basi maisha ya Aggrey niliyasoma kama mtu anayemtafutia bibi yake jibu.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba, 1875, katika mji wa Anomabo, ulio pwani ya nchi ambayo siku hizi ni Ghana na zamani hizo iliitwa Pwani ya Dhahabu. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala wa mji, yaani maneno ya mtawala yalifika kwa watu kwa kinywa chake. Nadhani mtoto alirithi ulimi huo. Alisoma katika shule ya misheni ya Methodisti mjini Cape Coast, akawa mwalimu angali kijana mdogo, kisha akapewa kuwa mkuu wa shule.

Mwaka 1898 Askofu John Bryan Small wa kanisa la Zion, ambalo ni kanisa la Methodisti la watu weusi wa Marekani, alikuwa akitafuta vijana wa Kiafrika wa kupelekwa Marekani wakasome, halafu warudi kuwatumikia watu wao. Aggrey alichaguliwa. Alipanda meli mwezi wa Julai mwaka huo, naye umri wake miaka 22. Nia ilikuwa asome, kisha arudi.

Alifika Salisbury, mji mdogo katika jimbo la North Carolina, akaingia Chuo cha Livingstone. Naam, ni Livingstone yule yule wa Ujiji, maana chuo kilipewa jina lake mwaka 1887. Kilikuwa chuo cha watu weusi wenyewe, waliokuwa hawajatimiza hata miaka arobaini tangu watoke utumwani, na fedha zake zilikuwa chache. Sisi tunapofikiri mtu aliyekwenda kusoma ng'ambo twaona raha tupu. Lakini mwezi wa Novemba mwaka ule ule, katika mji wa Wilmington wa jimbo hilo hilo, Wazungu wenye silaha waliiondoa kwa nguvu serikali halali ya mji na kuwaua watu weusi wengi. Mwaka 1900 jimbo likabadilisha katiba yake ili watu weusi wasiweze kupiga kura. Huko ndiko alikofungulia madaftari yake kijana wetu wa Anomabo.

Alisoma sana. Mwaka 1902 alipata digrii, naye ni mmoja wa waliofaulu vizuri kabisa. Alijua Kigiriki na Kilatini, na lugha nyingine za Ulaya. Je, akarudi? Hakurudi. Chuo kilimtaka afundishe, akakubali. Mwaka 1903 akawekwa kuwa mchungaji. Mwaka 1905 akamwoa Bibi Rose Douglass wa jimbo la Virginia, wakapata watoto. Mshahara wa chuo ulikuwa mdogo, hivyo akaongeza kazi ya kuhudumia makanisa mawili madogo ya shamba, ambamo waumini walikuwa wakulima maskini. Likizo za kiangazi alikwenda New York kusoma zaidi katika Chuo Kikuu cha Columbia, na wakati huo alikuwa mtu mzima wa karibu miaka arobaini.

Hapa nilisimama nikafikiri sana. Nilitaka kujua siku ile Aggrey alipoamua kutorudi, nami sikuiona. Hakuna siku kama hiyo. Kuna kazi mwaka huu, arusi mwaka ule, mtoto, deni, masomo mengine kidogo. Basi miaka ikaenda. Zamani nilikuwa nikimlaumu kaka yangu kama mtu aliyekata shauri moja baya. Sasa sina hakika.

Mwaka 1920 mfuko wa Marekani uitwao Phelps-Stokes uliunda tume ya kuchunguza elimu katika Afrika, chini ya uongozi wa Thomas Jesse Jones. Aggrey aliingizwa humo, naye ndiye Mwafrika peke yake. Ndivyo alivyoiona tena nchi yake. Alikuwa ameondoka akiwa na miaka 22, na amekaa ugenini miaka 22. Alihutubia Lagos, na kijana mmoja wa shule akamsikia, akaapa moyoni kwamba yeye pia atakwenda kusoma Marekani. Kijana huyo ni Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Nigeria.

Mwaka 1924 tume ya pili ilikuja kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Watu walishangaa kumwona Mwafrika mwenye elimu kubwa namna ile akikaa meza moja na wakubwa wa Kizungu na kusema nao bila woga. Hapo Dar es Salaam alikutana na Kleist Sykes, na katika kumbukumbu za Sykes imeelezwa kuwa Aggrey ndiye aliyemshauri Waafrika waunde chama chao. Chama hicho, African Association, kilianzishwa mwaka 1929, na ndicho kilichokuja kuzaa TANU mwaka 1954. Basi mtaa ule una haki ya kuitwa kwa jina lake.

Ni yeye aliyependa kusimulia hadithi ya tai aliyelelewa na kuku hata akasahau kuruka, ambayo wengi wetu tuliisikia shule ya msingi bila kuambiwa ni ya nani. Vile vile alifananisha watu weupe na weusi na vibao vya kinanda: ukigusa vyeupe tu utapata wimbo, ukigusa vyeusi tu utapata wimbo, lakini wimbo uliokamilika unataka vyote. Wako waliomwona mpole mno kwa Wazungu, hasa wafuasi wa Marcus Garvey, na mimi nadhani walikuwa na neno. Kinanda chenyewe wakati ule kilikuwa nyumbani kwa mmoja, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Mwaka huo huo wa 1924 alirudi Pwani ya Dhahabu. Gavana Guggisberg alikuwa akijenga chuo kikubwa pale Achimota, mkuu wake akiwa A. G. Fraser, na Aggrey akawa msaidizi wa makamu wa mkuu. Vibao vya kinanda viliwekwa katika nembo ya chuo. Alishindania sana wasichana wasome, akisema kwamba mwanamke akielimika faida inaenea nyumba nzima. Wenzetu wa bweni la wasichana watapenda kuyajua hayo. Kijana Kwame Nkrumah, aliyekuwa akijifunza ualimu Accra, alimpenda mno, na mwaka 1935 akaifuata njia ile ile ya Marekani. Yeye alirudi mwaka 1947.

Chuo cha Achimota kilifunguliwa rasmi Januari 1927. Miezi michache baadaye Aggrey alikwenda likizo Marekani ili amalize kazi ya shahada yake ya udaktari pale Columbia. Huko New York aliugua ghafula ugonjwa wa uti wa mgongo, akafariki tarehe 30 Julai, 1927, kabla ya kutimiza miaka 52. Udaktari huo hakuupata. Hakuzikwa Anomabo bali Salisbury, mji aliokwenda kusoma. Mtoto wake wa mwisho, Orison Rudolph, alikuwa wa mwaka mmoja na siku chache tu. Mtoto huyo alipokua akawa balozi wa Marekani katika nchi ya Senegal tangu 1973 mpaka 1977.

Muhula ukifungwa nitamsomea bibi habari hizi. Nitaanza na Anomabo, nitapita Wilmington haraka haraka, na ile meli ya 1920 nitamsomea mara mbili akitaka. Kama nitafika mpaka kaburi la Salisbury, hilo bado sijaamua.